Jamaa wa Kiume Waliopo Nchini

Ibra, 18 Juni 2003

Mjomba Nadhir, shikamoo.

Mimi ni Maram, binti wa dada yako Mabruka. Tulionana mara ya mwisho katika matanga ya baba, miaka miwili iliyopita. Ni mimi niliyekuwa nikigawa kahawa na kuimwaga. Nimepiga simu nyumbani kwako mara mbili. Mara zote alipokea mkeo, Bi Badriya, nikaona haya nikakata. Tafadhali niombee radhi kwake. Kwenye karatasi naweza kusema mpaka mwisho, kwa hiyo nimempa barua hii Turki, dereva wa teksi anayeleta abiria Nizwa kila Alhamisi.

Nimemaliza sekondari. Kiingereza nimepata tisini na moja. Nimeona nikutajie kwa sababu wewe ni mkaguzi wa walimu wa Kiingereza na mama hupenda kuwaambia watu hivyo.

Jambo lenyewe ni la mama. Tulipokimbia vita Bujumbura mwaka 1994 tukaja hapa, baba alipata uraia na sisi watoto tukaufuata. Wa mama ulibaki nyuma kwa kuwa cheti cha ndoa kiliungua pamoja na nyumba. Baba akawa anasema kesho, keshokutwa, mpaka akafa. Sasa mama anaishi katika nchi ya baba yake kwa kibali cha mgeni, na mdhamini wake ni Kaka Asaad aliyemzaa mwenyewe. Asaad akija likizo kutoka Sur humtania, "Mama, ndizi zikikosa nazi nitakurudisha ulikotoka." Zamani mama alikuwa akicheka.

Kibali kinakwisha tarehe 31 Desemba na idara imesema hakitaongezwa tena. Ama athibitishe asili yake mbele ya kamati, ama aondoke. Anatakiwa jamaa wa kiume, raia, mtu mzima, aje aseme: huyu ni wa kwetu, baba yetu mmoja. Asaad hafai kwa kuwa ni mtoto wake. Babu yuko kaburini Ujiji. Umebaki wewe.

Mama amesema nikueleze tu, nisiombe. Mimi naomba.

Mpwa wako,
Maram binti Suud


Nizwa, 27 Juni 2003

Mwanangu Maram,

Marahaba. Barua imefika na mwandiko wako ni safi. Lakini juu ya bahasha uliandika "Mjomba Nadhir" kwa herufi kubwa, na mtumishi aliiweka mezani mbele ya wageni. Safari nyingine andika jina langu kwa Kiarabu, na hilo neno "mjomba" liache ndani.

Nitakueleza kama mtu mzima. Watu wameniomba nisimame kugombea Majlis ya Shura, baraza la taifa, mwezi wa Oktoba. Ukoo wa mke wangu uko nyuma yangu. Ila wapo wanaozunguka majumbani wakisema, "Mtamchagua Zinjibari?" Mimi Zanzibar sijapata kuishi hata wiki moja, nimezaliwa Ujiji, bara, kama mama yako. Kwao kila aliyevuka bahari ni Zinjibari. Nimekuja hapa nikiwa na miaka ishirini, nikaufanyia kazi ulimi wangu mpaka watu wakaacha kuniuliza nilikozaliwa. Nikienda Ibra sasa nikasimama mbele ya kamati pamoja na mwanamke anayeuza vitumbua katika soko la wanawake la Jumatano, asiyeweza kujibu salamu ya pili kwa Kiarabu, habari itanitangulia Nizwa kabla sijawasha gari.

Baada ya uchaguzi nitakuja mwenyewe, wallahi. Na neno la mjumbe wa Majlis lina uzito kuliko la mkaguzi wa walimu. Kwa hiyo kusubiri ni kwa maslaha yake.

Mpaka hapo umfundishe Kiarabu, na kiwe safi, cha vitabu. Kamati ikimsikia akisema vizuri huenda isihitaji mtu. Na kwa sasa jina langu lisitajwe popote.

Ama alama zako, ni nzuri. Kuna kozi ya Kiingereza hapa Nizwa inayoanza Januari, nafasi ni chache. Nitaona la kufanya.

Mpe dada salamu. Ukishaisoma barua hii uichane.

Nadhir


Ibra, 16 Julai 2003

Mjomba, shikamoo.

Ahsante kwa barua na kwa kunieleza kama mtu mzima. Nilimsomea mama yote isipokuwa pale pa vitumbua.

Tumeanza. Tunasoma baada ya Alasiri, yeye akishona kofia na mimi nikishika kitabu cha darasa la nne. Anajitahidi kuliko nilivyotarajia. Tatizo ni kwamba anayo maneno ya Kiarabu aliyoyapata kwa babu alipokuwa mdogo, na ni ya kizamani, ya mashambani, halafu anayatamka kama watu wa Kigoma. Kwa mfano zamu ya maji ya falaj, ule mfereji unaonywesha mitende, yeye huiita athar. Husema, "Baba alikuwa na athar mbili, Jumatano baada ya Alasiri, na baba yake alizipata kwa baba yake." Neno hilo sikulikuta katika kitabu chochote cha shule. Nimemfundisha aseme "fungu la maji". Alisema fungu la maji halina ladha. Nikamwambia, mama, hatupiki. Akalirudia.

Sasa nina swali. Asaad alituletea fomu ya kamati. Swali la tisa ni "Jamaa wa kiume waliopo nchini", na haliruhusiwi kuachwa wazi. Ulisema jina lako lisitajwe. Nimefikiri siku tatu, kwa sababu sipendi mama aongope, lakini naona ukisema "kwa sasa" maana yake si uongo wa moja kwa moja. Nimemtungia jibu la Kiarabu lenye maana hii: Sina ndugu wa kiume hapa nchini.

Nimekuandikia majibu yote kumi na mawili katika karatasi ya pili. Naomba uyatazame kama yako sahihi. Hilo la tisa mama alilirudia mara moja tu, kisha akasema tupumzike, macho yamechoka.

Maram


Nizwa, 1 Agosti 2003

Maram,

Marahaba. Nina wageni asubuhi na jioni, kwa hiyo nitasema kwa ufupi.

Nimeyasahihisha majibu kwa wino mwekundu na karatasi nakurudishia. La tatu ni refu mno, likate. La tano, uliweka kitenzi mahali pake, vizuri. Ulifanya jambo la maana kuliondoa lile neno athar. Ni la wakulima, na mbele ya kamati mtu husema kama aliyesoma. La tisa ulikosea irabu ya mwisho. Sasa liko sawa, mwambie dada alihifadhi kama nilivyoliandika.

Una akili ya ualimu. Endelea.

Nadhir


Ibra, 27 Agosti 2003

Mjomba, shikamoo.

Tarehe imetoka. Mama ataitwa mbele ya kamati Jumatatu, 15 Septemba, saa tatu asubuhi. Nilikwenda mwenyewe idarani kuomba isogezwe mpaka baada ya uchaguzi. Karani aliniuliza sababu, nikasema sababu siwezi kuitaja. Akasema basi na yeye hawezi kuiandika.

Mwenyekiti ni Sheikh Khalaf, mzee wa hapa Ibra. Watu wanasema ni mkali lakini husikiliza.

Majibu yote kumi na mawili mama anayajua. Anayasema hata akikanda unga. Lakini naogopa, Mjomba. Asaad alikuja Ijumaa nikamfanya awe kamati, akamwuliza mama kwa sauti nzito ya kuchekesha. Mama akajibu vizuri kabisa, halafu Asaad hakucheka. Aliniita nje akaniambia, "Unajua mimi pale kwenye mtambo wa gesi waliniuliza nini siku ya kuajiriwa? Walinionyesha vali wakataka jina lake kwa Kiingereza. Nikalitaja, wakanipa kofia ya plastiki. Hakuna aliyetaka kujua babu yangu alinywesha mitende gani. Na huyu anayejua mitende yenyewe mnamfundisha darasa la nne." Nikamwambia ni shauri lako wewe, na wewe ndiye msomi. Akasema, "Msomi na aje basi."

Siombi useme mbele ya watu wote. Kamati ni watu watatu na karani, mlango hufungwa. Unaweza kuja asubuhi na kurudi Nizwa kabla ya Adhuhuri. Hata ukikaa garini mpaka aitwe shahidi.

Hili mama hajui kama naliandika: kila Alhamisi Turki akipiga honi hutoka mama kwanza, ana miaka sitini na moja na goti bovu, na hunipita mimi mlangoni.

Maram


Nizwa, 5 Septemba 2003

Mwanangu Maram,

Tarehe kumi na tano nitakuwa na watu mia mbili nyumbani, ng'ombe wawili wameshanunuliwa. Mlango ukifungwa Ibra husikika Nizwa. Wewe ni mdogo hulijui hilo. Zimebaki wiki nne tu. Kamati haitoi uamuzi siku hiyo hiyo, hukaa na faili mwezi au zaidi, na mimi nitaliwahi nikiwa na sauti nyingine.

Ya dada nayajua kuliko wewe. Alinibeba mgongoni nilipoumwa surua, kutoka Ujiji mpaka hospitali ya Kigoma. Sijasahau. Ataelewa.

Habari njema ni kwamba nafasi yako ya kozi imepatikana, nimeweka saini. Utakaa kwangu, utalala chumba kimoja na binti yangu Reem. Jambo moja: usizungumze naye Kiswahili. Hakijui, na sitaki aanze sasa.

Nadhir


Ibra, 16 Septemba 2003

Mjomba, shikamoo.

Ahsante kwa nafasi ya kozi.

Jana tulikwenda. Mama alivaa buibui jipya na viatu vya Asya jirani yetu. Asya mwenyewe alikuwepo, naye shauri lake lilikuwa siku hiyo hiyo, kabla ya letu. Ni mwenyeji wa Pemba, ana miaka sabini, Kiarabu chake ni cha kwenye swala tu. Aliingia na kaka yake anayetembea kwa mkongojo. Mlango ulikuwa haujafungwa vizuri nikasikia. Asya alisema yote kwa Kiswahili, kaka yake akafasiri nusu, nusu nyingine akalia. Dakika kumi wakatoka. Asya alimwambia mama, "Ingia mwenzangu, wala hawana neno hawa."

Waliniruhusu nikae nyuma ya mama. Alijibu swali la kwanza mpaka la sita bila kosa. Sheikh Khalaf akaweka kalamu chini akasema, "Mama, Kiarabu chako ni cha taarifa ya habari. Nani kakufundisha?"

Mama akasema, "Binti yangu."

"Na baba yako hakukufundisha kitu?"

Mama akasema baba yake alikuwa na fungu la maji. Sheikh akainama mbele. Akamwuliza kwa upole, "Fungu. Mzee wako wa Ibra alisema fungu? Aliliitaje hasa, alipokuwa akisimulia huko Ujiji?"

Mama aligeuka akanitazama. Nililiona neno liko mdomoni mwake. Nikatikisa kichwa. Mjomba, nilidhani ataharibu. Nilidhani yule mzee anamtega. Mama akageuka tena mbele akasema, "Fungu la maji." Sheikh akasema sawa, akachukua kalamu.

Kisha karani akasoma swali la tisa. Mama alilijibu kama ulivyoliandika, na irabu ya mwisho sahihi. Sheikh akamwuliza, "Hata mmoja?" Hilo halikuwa kwenye fomu na hatukulifanyia mazoezi. Nilitaka kusimama niseme, lakini wewe hunijui, haya ikinishika sinyanyuki.

Mama akasema, "Hata mmoja." Sheikh akamwapisha, naye akaapa.

Tulipofika nyumbani alivua viatu vya Asya akavipangusa, akaniambia nivirudishe kabla ya Magharibi.

Natumai wageni wako walikula vizuri.

Maram


Nizwa, 9 Oktoba 2003

Mwanangu Maram,

Bila shaka mmesikia. Nimekuwa wa tatu, na wanaokwenda Majlis ni wawili.

Nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu hapa. Juzi baba mkwe wangu, baba yake Badriya, alikuja kunipa pole. Akanywa kahawa, akasema, "Usihuzunike, watu wanakupenda. Ila walisema, huyu bwana tangu aje mjini hajatuambia kwao ni wapi. Mtu asiyesema kwao ni wapi, atatusemea sisi?" Nikamwuliza, wao wanadhani kwetu ni wapi? Akacheka kidogo. Akasema, "Mwanangu, wewe ukiwakemea watoto unakemea kwa Kiswahili. Tunajua mwaka wa ishirini sasa."

Haidhuru. Sasa sina cha kuficha na nitakuja. Ramadhani inaingia mwisho wa mwezi, nina ukaguzi wa shule za Bahla kwanza, nikimaliza nitakuja nitoe ushahidi. Mwambie dada asiwe na wasiwasi. Ana ndugu.

Nadhir


Ibra, 29 Oktoba 2003

Mjomba, shikamoo.

Barua ya kamati imefika leo, mwezi tatu Ramadhani. Ni mistari minne. Ombi limekataliwa, kwa kuwa mwombaji amekiri kwa kiapo kwamba hana jamaa wa kiume nchini wa kumthibitisha.

Nimeisoma mara nyingi nikitafuta mahali nilipoelewa vibaya. Kiarabu chake ni chepesi.

Maram


Nizwa, 14 Novemba 2003

Mwanangu Maram,

Juzi nilikuja Ibra. Sikupita nyumbani, nisamehe, nilikwenda moja kwa moja idarani. Nilijitambulisha kuwa ni ndugu yake, baba mmoja na mama mmoja, nikatoa hati zangu. Karani alileta faili. Jibu la tisa lilikuwa pale kwa mwandiko wako, nami nikalisoma kama ninavyosoma madaftari ya walimu, na kwa muda nikatafuta kosa. Halikuwa na kosa. Ni mimi niliyelinyoosha.

Sheikh Khalaf alikuwepo. Alinitazama, akaniuliza, "Ulikuwa wapi Septemba?" Nikasema nilikuwa na shughuli. Akasema, "Alhamdulillahi, shughuli zimekwisha."

Njia imebaki moja. Dada atie dole gumba kwenye tamko kwamba siku ile alisema uongo chini ya kiapo kwa sababu ya uzee na kuchanganyikiwa. Tamko likiwa mkononi, mimi nitaleta mashahidi wawili na faili litafunguliwa upya. Nimeshaliandika, limo ndani ya bahasha hii, pahali pa dole nimeweka alama. Nimeeleza kwamba kichwa chake hakiko sawasawa tangu afiwe na mume. Ni maneno ya karatasi tu, yasimwumize. Lirudishe kwa Turki Alhamisi ijayo. Muda upo, lakini si mwingi.

Mwambie nilikuja.

Nadhir


Ibra, 27 Desemba 2003

Mjomba Nadhir,

Umeandika mara tatu kuuliza tamko liko wapi. Nimekawia kujibu kwa sababu kila wiki nilidhani mama atabadili nia.

Siku lilipofika nilimsomea, kwanza kwa Kiarabu, kisha nikamfasiria. Hii safari sikuruka kitu. Alisikiliza huku akihesabu matundu ya kofia. Nilipomaliza akaniambia nirudie pale pa kichwa. Nikarudia. Akasema, "Kichwa changu kizima. Majibu kumi na mawili niliyashika, au sikuyashika?" Nikasema aliyashika.

Asaad alikuja kutoka Sur akapiga magoti mbele yake. Akamwambia ni dole tu, mama, sekunde moja. Akasema, "Nimekuwa mdhamini wa mama yangu miaka miwili, na sasa idara inaniambia nimwache aende." Mama akamshika kichwa akamwambia, "Wataka niseme niliongopa. Sikuongopa. Waliniuliza kama nina ndugu hapa nchini. Siku ile sikuwa naye. Nilitazama mlango kabla ya kujibu, mwulize huyu."

Ni kweli, Mjomba. Alitazama mlango. Mimi nilidhani anaogopa.

Niliwapigia magoti wote wawili, mama na Mungu. Mama akasema, kama wewe ulitaka ajulikane kuwa ni dada yako, kulikuwa na Jumatatu nzima. Na kama sasa unataka ajulikane kuwa ni mwendawazimu, kwa hilo huhitaji dole lake.

Ameondoka juzi Alhamisi, ndege ya Dar es Salaam, kisha treni mpaka Kigoma. Atakaa kwa Khamisa, binti wa mama yenu mdogo. Alisema bora kuondoka wiki moja kabla ya kibali, asije akafukuzwa. Sanduku lake halikujaa. Sheikh Khalaf alimtuma mjukuu wake na tende za kujaza mikono miwili. Sijui nani alimwambia siku ya safari. Mama alizipokea akamwambia yule kijana ampelekee mzee salamu, na amwambie baba yake alikuwa na athar mbili. Kijana alimjibu vizuri, ahsante bibi, nitamwambia. Mimi niliingia ndani.

Nafasi ya kozi naichukua. Nilitaka kuikataa na nilikuwa nimeandika barua ya kukataa, mama akaniamuru niichome. Alisema mtu hasusi chakula kwa kuwa kamchukia mpishi. Nitafika Nizwa Ijumaa tarehe 2 Januari, na nitafurahi kama patakuwa na mahali pengine pa kulala pasipokuwa kwako. Mkuu wa kozi amesema kuna bweni la wasichana. Nikikuona nitakuamkia, kwa Kiarabu, mbele ya watu, na Reem sitamfundisha neno.

Anwani ya mama nimeiweka chini. Mimi nitamwandikia kila mwezi. Wewe ukitaka kumwandikia, uandike Kiswahili. Huko aliko hakuna wa kumsomea Kiarabu.

Maram binti Suud